Bei ya Gari la Kifahari Lililotumika Haiishii kwa Muuzaji

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wasomaji wenzangu, hasa wale wanaokusudia kununua gari la kifahari lililokwisha kutumika, juu ya jambo ambalo sisi mafundi huulizwa likiwa limeshapita wakati wake. Mtu huleta gari gereji akiwa ameshalilipia, ameshalitoa bandarini, ameshalilipia ushuru na kulikatia bima, na hapo ndipo anapotaka kujua kama ni zima. Jawabu letu wakati huo, hata likiwa la kweli, halimrudishii chochote. Ningependa swali hilo liulizwe mapema, na liulizwe kwa namna nyengine.

Aghalabu ninaloulizwa ni hili: baina ya Benzi, BMW, Range Rover na Lexus, ipi imara zaidi? Hakuna fundi mkweli anayeweza kulijibu likiwa hivyo lilivyo, kwa sababu nembo iliyo mbele ya boneti haisemi ndani mna injini gani, giaboksi gani wala springi za aina gani. Chini ya jina lile lile hupatikana injini iliyotulia na nyengine ambayo kiwanda chenyewe kililazimika kuirekebisha baada ya wateja kulalamika. Ninachoshikilia mimi ni kwamba anayetaka gari la namna hii aanze kwa kuuliza ugonjwa unaojulikana wa modeli na mwaka anaoutaka, kisha aulize ni nani hapa visiwani Zanzibar anayeweza kuutibu, na kwa spea ya kutoka wapi. Bei ije baada ya hapo.

Sina ugomvi na anayependa gari zuri. Mtu anayetoka Konde kila siku kuja Chake Chake kazini, au anayewachukua wazazi wake wazee kutoka Makunduchi hadi Mjini kwa matibabu, ana haki ya kiti kinachopumzisha mgongo, breki zenye nguvu na bodi iliyotengenezwa imkinge aliyemo ndani. Magari haya huyatoa hayo yote, tena kwa sehemu ndogo tu ya fedha alizolipa mwenyewe wa mwanzo. Ni sehemu hiyo ndogo ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Magari mengi tunayoyanunua hutoka Japani. Huko gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2. Gharama ya ukaguzi huo, unaoitwa shaken, pamoja na matengenezo yanayotakiwa ili gari lipasi, huwafanya wengi waone afadhali kuliuza kuliko kuendelea nalo, na magari ya Ulaya ndiyo yanayoporomoka bei zaidi. Lakini kinachoporomoka ni bei ya gari. Spea yake haishuki. Gari lililokuwa la wakurugenzi likiwa jipya, ukilipata baada ya miaka 15 kwa bei ya Toyota IST, bado kompresa yake, pampu yake ya breki na kompyuta ya giaboksi lake zinauzwa kwa bei za gari la wakurugenzi. Mnunuzi hushangilia tofauti ya bei siku ya kwanza, na tofauti hiyo hulipwa baadaye, kidogo kidogo, dukani kwa spea.

Nianze na springi za upepo, kwa sababu ndizo ninazoziona zikiwasumbua wenye magari haya kuliko kitu chengine chochote. Mercedes-Benz ilizitia katika S-Class iliyotoka mwaka 1998, ile ambayo mafundi tunaijua kwa namba W220, kwa jina la Airmatic, na baadaye zikaenea katika modeli zake nyengine. Range Rover ya 2002 hadi 2012 nayo hubebwa na springi za namna hiyo. Badala ya springi ya chuma, gurudumu hubebwa na mfuko wa mpira uliojazwa upepo na kompresa ya umeme, na kompyuta huamua gari likae juu au chini. Mpira huo huzeeka kwa umri hata kama kilomita ni chache. Hufanya nyufa ndogo pale unapojikunja, upepo ukaanza kuvuja polepole usiku, na kompyuta ikiona gari limeinama huiamuru kompresa ijaze tena. Kompresa ilitengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Ikilazimishwa kujaza mara kwa mara huungua, na mwenye gari ambaye angelibadilisha mfuko mmoja mapema hujikuta anabadilisha mfuko na kompresa pamoja, na pengine sanduku la vali zinazogawa upepo. Njia ya kulijua hili ni nyepesi. Gari liachwe usiku kucha mahali palipo sawa, asubuhi litazamwe kabla halijawashwa. Likiwa limekaa chini mbele, au limelalia ubavu mmoja, upepo unavuja. Muuzaji anayekataa gari lake lilale mbele ya macho ya mnunuzi ameshatoa jawabu. Zipo seti za springi za chuma zinazotiwa badala yake, na kwa barabara zetu za mashamba mimi sizipingi, ila zitiwe na fundi anayejua pia kuituliza kompyuta, kwani vinginevyo taa ya hitilafu itawaka kwenye dashibodi maisha yote.

Lexus LX 470, iliyouzwa Japani kwa jina la Land Cruiser Cygnus, ina mfumo unaofanana na huo lakini unaotumia mafuta na tufe zenye gesi ya naitrojeni. Huvumilia zaidi, ingawa tufe zikiisha gesi gari huwa gumu na kurukaruka.

Jambo la pili ni la breki, na hapa nataka wasomaji wanisikilize vizuri kwa kuwa linahusu roho. Mercedes E-Class iliyotoka mwaka 2002, yenye namba W211, ilikuwa na breki za umeme zinazoitwa SBC, ambazo kiwanda kiliziacha katika toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2006 baada ya kuyaita magari mengi yarudishwe kwa matengenezo. Pampu yake huhesabu ni mara ngapi breki imekanyagwa, na ikifika idadi iliyowekwa huonya kwamba muda wake umekwisha. Ikishindwa kabisa, kinachobaki ni breki za magurudumu ya mbele kwa nguvu ya mguu peke yake, na gari husimama mbali zaidi. Kwa mafundi wenzangu ninaongeza kwamba mfumo huu hujitia nguvu wenyewe, hata mlango unapofunguliwa, kwa hivyo ni lazima uzimwe kwa mashine ya kupimia kompyuta za gari kabla ya kubadilisha pedi, la sivyo unaweza kukuvunja vidole. Anayetaka E-Class ya umbo lile atafute ya nusu ya pili, iliyorudishiwa breki za kawaida.

Injini nazo zina visa vyao. Zile za silinda 6 za Mercedes zinazoitwa M272, zilizoanza mwaka 2004, matoleo yake ya mwanzo yalitiwa shafti ya mizani (inayopunguza mtetemo wa injini) yenye gia laini iliyokuwa ikilika, na kuibadilisha hulazimu injini ishushwe. Ndugu yake ya silinda 8, M273, iliugua ugonjwa unaofanana na huo. BMW za dizeli zenye injini ya N47, hasa za 2007 hadi 2011, cheni yake ya taimingi (inayopatanisha mwendo wa vali na wa pistoni) imewekwa nyuma, upande wa giaboksi, na cheni hiyo ilikuwa ikichakaa mapema, hivyo kazi ambayo kwenye injini nyengine ni ya siku moja huwa ni ya kutenganisha gari zima. Porsche Cayenne za mwanzo zenye injini ya V8 zilitiwa mabomba ya plastiki ya kupitishia maji ya kupozea chini ya manifoldi (njia za kuingizia hewa kwenye injini), na plastiki ikishachoka kwa joto hupasuka na kumwaga maji yote. Hakuna kati ya haya yaliyofichwa. Yanajulikana dunia nzima, na mwenye gari lililokwisha kutengenezwa kasoro hiyo, akiwa na risiti zake, ana gari bora kuliko lenye kilomita chache ambalo halijaguswa.

Kuna maneno yanayosemwa na wauzaji kwamba giaboksi la magari haya limefungwa kiwandani na oili yake haibadilishwi daima. Watengenezaji kadhaa wa magari waliandika hivyo kwenye vitabu vyao, lakini ZF ya Ujerumani, ambayo ndiyo inayotengeneza giaboksi za BMW nyingi, za Jaguar na za Range Rover, yenyewe inashauri oili ibadilishwe baina ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi nipo pamoja na aliyelitengeneza giaboksi.

Nisije nikadhaniwa nawapigia debe Wajapani. Ni kweli kwamba Lexus inatufaa zaidi huku kwetu, na sababu mojawapo ni kwamba hadi mwaka 2005 jina hilo halikutumika Japani. Gari lililoitwa Lexus RX Marekani liliuzwa Japani kama Toyota Harrier kuanzia 1997, LS ilikuwa Celsior, GS ilikuwa Aristo, na ES ilikuwa Windom. Kwa hivyo anayenunua Harrier ananunua gari la kifahari ambalo sehemu zake nyingi zimo pia katika Camry, Alphard au RAV4, na spea zake zinapatikana bila ya kuandikiana barua na Ulaya. Hata hivyo injini mbili za Harrier ya kwanza, ile ya lita 3.0 na ile ya lita 2.2, zimo katika orodha ya injini ambazo Toyota ilizirefushia dhamana huko Marekani mwaka 2002 kwa sababu oili ilikuwa ikigeuka tope ndani yake. Ile ya lita 2.4 iliyokuja baadaye, 2AZ-FE, ina kisa cha bolti za silinda hedi (kichwa cha injini) kung'oa meno yanayozishika kwenye bloku (mwili wa injini) katika matoleo yake ya awali, na kisa cha kula oili katika yale ya kuanzia mwaka 2006 hivi. Kwa hiyo hata Harrier hununuliwa kwa kufunguliwa kifuniko cha oili na kutazamwa ndani kwa tochi. Kukiwa na tope jeusi lililoganda, mnunuzi ashukuru kwa muda aliopewa na aende zake.

Wapo watakaosema kwamba tafiti za kigeni zimeshamaliza mjadala huu. Ule wa kampuni ya utafiti ya J.D. Power ya Marekani, unaonukuliwa sana na ambao Lexus imekuwa ikifanya vizuri ndani yake kwa miaka mingi, huwauliza wenye magari yenye umri wa miaka 3. Sisi tunanunua yenye umri wa miaka 10, 15 na zaidi, wakati ambapo mipira imekauka, plastiki imechoka na nyaya zimeanza kuliwa na kutu. Utafiti huo ni wa kweli kwa walioulizwa, lakini gari la miaka 15 linahitaji kukaguliwa lenyewe, si kukaguliwa jina lake.

Ndugu zetu walioko Uingereza nao hutuletea magari, na mengi kati yake ni ya dizeli. Yana faida moja kubwa, nayo ni kwamba gari la Uingereza likishafika miaka 3 hupita ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, na matokeo yake, pamoja na maili zilizosomwa siku ile, hutazamwa bure kwenye intaneti kwa kutumia namba ya usajili ya kule. Maili zilizorudishwa nyuma huonekana hapo waziwazi. Lakini barabara za kule hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chasisi, mabomba ya breki na vifungio vya chini. Likija hapa likaongezewa upepo wa bahari, kutu haisimami. Ni lazima lipandishwe juu na litazamwe chini.

Dizeli hizo zina shida nyengine inayotuhusu sana sisi watu wa visiwani. Kwenye eksozi yake mna chujio linalokamata masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari linapokwenda mwendo wa kasi bila ya kusimama kwa muda wa kutosha, injini ikiwa moto sawasawa. Pemba haifiki hata kilomita 70 kwa urefu. Kutoka Chake Chake hadi Wete, au hadi Mkoani, ni kilomita 30 hivi zenye vilima, kona na vijiji, na wengi wetu safari zetu za kila siku ni fupi zaidi ya hizo. Unguja ni ndefu kidogo, lakini anayetoka Fuoni kwenda Darajani na kurudi hajamaliza lolote. Chujio halipati nafasi ya kujisafisha, linaziba, gari linapoteza nguvu, na dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Kwa matumizi yetu mimi humshauri mtu achukue petroli, na oili aibadilishe kila kilomita 5,000 hadi 7,000 hata kama kitabu kinaruhusu mara mbili au tatu ya hapo, kwa kuwa vitabu hivyo viliandikwa kwa barabara kuu za Ulaya.

Liko pia suala la mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ambayo ilifilisika mwaka 2017. Baruti iliyotumika ndani yake ilikuwa ya nitrati ya amoniamu, na imethibitika kwamba joto na unyevunyevu vikiishambulia kwa miaka mingi huharibika, ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi gari linapogonga, na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa ajili yake katika nchi kadhaa. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa yetu ya mwaka mzima. Magari yaliyoitwa yarudishwe kwa sababu hiyo ni mamilioni, na miongoni mwake mna modeli za Toyota, Lexus, BMW, Mercedes-Benz na Honda. Namba ya chasisi ikiingizwa kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, au akiandikiwa wakala wake, itajulikana kama kazi hiyo ilifanywa. Ni jambo la dakika chache, na linapaswa kufanywa kabla ya kuuliza kama viti ni vya ngozi.

Siku ya kulikagua gari, injini iwe baridi. Atakayenunua aguse boneti kwanza, na akiikuta ina joto aombe arudi siku nyengine, kwa sababu cheni iliyolegea hulia sekunde chache tu za mwanzo na moshi wa buluu huonekana wakati huo huo. Funguo ikiwashwa, taa ya injini na ya mfuko wa hewa ni lazima ziwake na kisha zizime. Isiyowaka kabisa imeondolewa balbu au imefunikwa. Gari lipimwe kwa mashine, na fundi asiridhike kwa kuona hakuna hitilafu iliyoandikwa. Atazame kama vipimo ambavyo kompyuta hujipima yenyewe vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, inawezekana sana kwamba kumbukumbu ilifutwa asubuhi ile ile.

Kwa sisi wa Pemba yote haya huzidi uzito. Spea ya Harrier nikikosa hapa Chake Chake huletwa kwa boti kutoka Unguja. Ya Range Rover huagizwa Dubai au Uingereza, ikapitia Dar es Salaam au Unguja, kisha ikavuka bahari mara nyengine hadi Mkoani, na ikija siyo, safari huanza upya huku gari limekaa juu ya magogo. Mashine za kupimia za kawaida husoma sehemu tu ya kompyuta za magari ya Ulaya, na zile za kiwanda ni chache. Vijana wetu wanaosoma ufundi wa magari katika vituo vya mafunzo ya amali, cha Vitongoji hapa Pemba na vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni kule Unguja, wakifundishwa umeme na kompyuta za magari kwa kina, nusu ya hofu ninayoieleza itaondoka. Kwa sasa humwambia kila anayenijia kwamba akishaipata bei ya gari la Ulaya lililozidi miaka 10, aweke kando thuluthi ya bei hiyo kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na kama fedha hiyo hana, basi gari hilo halijafika uwezo wake.

Kwa wauzaji wa magari wa Unguja na Pemba nina ombi. Karibu kila gari lililopita kwenye mnada wa Japani lina karatasi yake inayoonesha daraja lililopewa, kilomita zilizosomwa na kila mkwaruzo, na herufi R au RA ikiwa liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Wengi wenu mnazo karatasi hizo. Naomba mziambatanishe na gari tangu siku linapowekwa sokoni, mnunuzi aione kabla ya kutoa fedha, na aruhusiwe kuliacha gari usiku mmoja kwa fundi anayemchagua mwenyewe.

Wako,
Fundi wa magari,
Chake Chake, Pemba.